Macho Hayana Pazia: Historia ya Kuutazama Ubongo Kupitia Jicho

Kama ulitusikiliza redioni, sasa unaweza kusoma taratibu, kurudia pale palipokupita, na kumsomea jirani ambaye siku ile redio yake iliishiwa na betri. Leo tutazungumza juu ya macho. Lakini hatutazungumza juu ya macho ya vumbi wala ya usaha wa watoto, maana hayo tulishayagusa. Leo ni zamu ya macho yanayotoa habari za ubongo, na jinsi binadamu walivyojifunza kuzisoma habari hizo kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Walimaanisha kwamba jicho huona lolote lililo mbele yake, hata lile usilotaka kuliona. Sisi wauguzi tunaweza kuongeza maana ya pili: hata yule anayelitazama jicho kutoka nje anaweza kuona mambo ya ndani, ikiwa anajua anachokitafuta. Na asiyejua anachokitafuta anaweza kuona uchawi pasipo uchawi. Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo nitakapokupeleka.

Naanza na kosa langu mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikihudumu katika zahanati moja ndogo huku kwetu delta ya Tana. Asubuhi moja aliletwa mzee mmoja, mkulima wa mpunga na mpiga kasia hodari aliyejulikana kila kivuko. Alikuja na mkaza mwanawe. Malalamiko yake yalikuwa macho mekundu, yanayowasha kama yametiwa mchanga. Foleni ya kina mama na watoto ilikuwa ndefu mpaka chini ya mwembe. Nilimtazama upesi upesi, nikaandika kwenye daftari, nikampa tyubu ya dawa ya macho.

Baada ya wiki tatu alirudi. Nikampa tyubu nyingine. Aliporudi mara ya tatu, yule mkaza mwana alinivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, dawa si hiyo. Baba siku hizi anatukazia macho. Anaweza kumtazama mtoto muda mrefu bila kupepesa. Na watu washaanza kusema."

Nikamuuliza, "Wanasema nini?"

Aliinama, hakunijibu. Mtu yeyote aliyekulia Pwani anaijua maana ya kimya kile.

Nilirudi kwa mzee, safari hii nikakaa chini mbele yake. Nikatazama uso wake wote, si macho peke yake. Uso ulikuwa umetulia kama picha. Nilipomtania hakutabasamu, ingawa sauti yake ilionyesha kwamba amefurahi. Mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka kidogo juu ya paja. Nikaangalia saa yangu ya ukutani nikahesabu: kwa dakika nzima alipepesa mara nne tu. Mtu mzima mwenye afya, akiwa ametulia, hupepesa kiasi cha mara 15 hadi 20 kwa dakika. Mara mbili nilikuwa nimeyaona macho mekundu, nisimwone mwenye macho.

Sasa ngoja nikueleze ni wapi watu walijifunza kuhesabu kope.

Mzee wa barabarani London

Mwaka 1817 daktari mmoja wa London, James Parkinson, alichapisha kijitabu kidogo juu ya ugonjwa wa kutetemeka. Alieleza habari za watu sita tu, na baadhi yao hawakuwa wagonjwa wake bali watu aliowaona wakipita barabarani. Aliandika juu ya mikono inayotetemeka ikiwa imetulia, mgongo unaoinama, na hatua fupi za haraka kama mtu anayekaribia kuanguka. Hakuwa na kipimo chochote. Alikuwa na macho yake na subira.

Katika miaka ya 1870, daktari Jean-Martin Charcot wa Paris aliuchunguza ugonjwa huo kwa undani zaidi na akapendekeza uitwe kwa jina la Parkinson. Madaktari wa wakati huo na wa baadaye waliongeza dalili ambazo kile kijitabu hakikuzitilia mkazo: uso unaokauka kama kinyago, na kope zinazopepesa kwa nadra. Leo tunajua sababu. Ndani kabisa ya ubongo kuna chembechembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia mwili kutenda mambo madogo bila kufikiri: kuzungusha mikono ukitembea, kutabasamu, kumeza mate, kupepesa. Chembechembe hizo zikifa pole pole, mambo hayo madogo hupotea moja moja.

Na kope, msomaji wangu, ina kazi ya ufagio. Kila inaposhuka hueneza machozi juu ya jicho na kuondoa vumbi. Ufagio ukilala, jicho hukauka, huwasha, huwa jekundu. Kwa hiyo mzee wetu hakuwa na wadudu machoni. Dawa yangu ya tyubu ilikuwa inatibu kitu ambacho hakikuwapo.

Kioo kilichofungua mlango

Kwa maelfu ya miaka hakuna aliyeweza kuona ndani ya jicho la mtu aliye hai. Kile kiduara cheusi cha katikati, mboni, kilikuwa giza tupu. Sababu ni rahisi: ukiinama kuchungulia, kichwa chako mwenyewe kinaziba mwanga. Mwaka 1851 mwanasayansi wa Kijerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa chake kidogo cha vioo kilichorusha mwanga wa taa ndani ya mboni huku kikimwachia daktari nafasi ya kuchungulia. Kwa mara ya kwanza watu waliona utando wa nyuma wa jicho, mishipa yake ya damu, na kile kiduara cha rangi ya chungwa hafifu ambapo neva ya jicho inaingia ikitokea kwenye ubongo.

Fikiria maana yake. Neva hiyo ni sehemu ya ubongo iliyonyooshwa mpaka jichoni. Hakuna mahali pengine mwilini ambapo daktari anaweza kuitazama bila kupasua. Wamishenari Wajerumani wa Neukirchen walipofika Ngao, hapa kwetu kando ya Tana, mwaka 1887, kifaa hicho kilikuwa kimetimiza miaka 36, na madaktari wa Ulaya walikuwa wameshajifunza mengi kwa kuchungulia.

Mwaka 1860 Albrecht von Graefe wa Berlin alieleza jinsi kile kiduara cha neva kinavyovimba kwa watu wenye uvimbe ndani ya kichwa. Mwaka 1871 daktari Mwingereza, Thomas Clifford Allbutt, alitoa kitabu kizima juu ya kutumia kifaa hicho kuchunguza magonjwa ya ubongo na neva. Na mwaka 1869 Douglas Argyll Robertson, wa Edinburgh, alieleza mboni za ajabu: ukizimulika kwa taa hazisinyai, lakini mgonjwa akitazama kitu kilicho karibu na pua yake, zinasinyaa. Baadaye ilijulikana kwamba mboni hizo ni alama ya kaswende iliyofika kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kidudu cha kaswende chenyewe kilionekana mwaka 1905. Jicho lilitoa habari miaka 36 kabla ya kidudu kukamatwa.

Ndiyo maana, mama mpenzi, unapokuja kliniki ya wajawazito tunakutoa damu ya kupima kaswende. Usikasirike ukadhani tunakushuku. Ugonjwa huo unatibika kwa sindano za penisilini, na ukitibiwa mapema hautafika kichwani kwako wala kwa mtoto wako.

Mfano mwingine. Mwaka 1902 na 1903 madaktari wawili Wajerumani, Kayser na Fleischer, waliandika juu ya pete ya rangi ya kahawia iliyozunguka kioo cha jicho kwa wagonjwa wachache. Mwaka 1912 daktari Samuel Alexander Kinnier Wilson, wa London, alieleza ugonjwa wa vijana wanaotetemeka na kukakamaa huku maini yao yakiharibika. Mambo haya mawili yalikuja kuunganishwa: ni madini ya shaba yanayorundikana katika ini, ubongo na jicho. Tangu mwaka 1956 kuna dawa ya kuiondoa shaba hiyo, nayo humwokoa mgonjwa akianza mapema. Usiichanganye pete hiyo na duara jeupe au la kijivu ambalo wazee wetu wengi wanalo ukingoni mwa jicho. Hilo kwa mzee ni la umri, halimnyimi kuona.

Karibu na nyumbani

Huenda unasema, sista, hizo ni habari za Ulaya. Basi turudi Pwani yetu.

Kuanzia mwaka 1988 madaktari wa Dar es Salaam walianza kupokea vijana wanaolalamika kwamba wanaona ukungu katikati ya kila wanachokitazama. Hawakusikia maumivu. Macho kwa nje yalikuwa safi kabisa. Walipochunguliwa kwa ndani, neva za macho yote mawili zilikuwa zimeharibika. Baadhi yao miguu iliwaka moto au kufa ganzi, na wengine walipungukiwa na usikivu. Yaani jicho lilikuwa mlango tu, ugonjwa ulikuwa wa neva za mwili. Hata wanafunzi wa shule za msingi walichunguzwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Chanzo kimoja cha hakika hakikupatikana, ila lishe duni ilishukiwa sana. Huko Cuba, katika miaka ya 1992 na 1993, zaidi ya watu 50,000 walipatwa na ugonjwa unaofanana na huo wakati wa uhaba mkubwa wa chakula, na wengi walipata nafuu walipopewa vitamini, hasa za kundi B.

Hapo kabla, mwaka 1985, wakati wa ukame, watu 39 katika wilaya ya Tarime nchini Tanzania walipooza miguu ghafla. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Unatokana na kula muhogo mchungu usioondolewa sumu ipasavyo, tena bila chakula chenye protini. Baadhi ya wagonjwa wa konzo huona vibaya au macho yao hutikisika. Kwa hiyo nyumbani kwako, hata njaa ikibana, usikatishe siku za kuloweka na kuanika muhogo mchungu. Kunde na samaki, hata kidogo, viongeze kwenye sahani.

Na huku Tana tunaijua homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1931 baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha. Sisi tunaikumbuka kwa mafuriko: ile ya El Nino ya 1997 na 1998, na tena mwishoni mwa 2006 hadi 2007, ilipoanzia Garissa ikashuka mpaka kwetu. Wafugaji walipoteza mifugo, na familia zikazika watu. Jambo ambalo halikusemwa sana ni kwamba baadhi ya waliopona homa, wiki moja hadi tatu baada ya dalili za kwanza, macho yao hupata ukungu kwa sababu utando wa nyuma wa jicho umejeruhiwa. Wachache zaidi, ndani ya wiki chache, hupatwa na uvimbe wa ubongo: kichwa kuuma vibaya, kuchanganyikiwa, degedege. Huu si ugonjwa wa ubongo kuchakaa kwa uzee. Nimeutaja kwa sababu unafundisha somo lile lile: mtu akisema "naona ukungu," usiishie kumpangusa macho. Muulize na mengine.

Ubongo unapochakaa

Magonjwa ya ubongo kuchakaa huja polepole, kama mto unaokula ukingo. Mwaka 1906 daktari Alois Alzheimer alieleza ubongo wa mwanamke wa Ujerumani aliyepoteza kumbukumbu akiwa bado hajafika uzeeni. Mwaka 1912 Fritz Heinrich Lewy alieleza vidonge vidogo alivyoviona kwa hadubini katika ubongo wa wagonjwa wa Parkinson. Mwaka 1964 madaktari watatu wa Toronto, Steele, Richardson na Olszewski, waliandika juu ya ugonjwa mwingine ambao mwanzoni hufanana na Parkinson.

Angalia sasa jinsi kila mmoja unavyogusa macho.

Katika Parkinson, kope hupepesa kwa nadra, macho hukauka, na mtu huonekana anakazia.

Katika ule ugonjwa wa Toronto, macho hukataa kutazama chini. Mzee anashindwa kuona chakula kwenye sahani, anakosa ngazi, anaanguka chali mara kwa mara. Watu husema amelewa.

Katika ugonjwa unaohusiana na vile vidonge vya Lewy, ambao ni aina moja ya upungufu wa akili wa uzeeni, mgonjwa huona watu au wanyama ambao hawapo. Anaweza kukaribisha wageni usiowaona, au kuzungumza na mtoto aliyekaa pembeni ya kitanda. Watu husema ana majini.

Katika Alzheimer, jicho lenyewe laweza kuwa zima, lakini ubongo unashindwa kufahamu kile jicho linacholeta. Bibi anapapasa kikombe kilicho mbele yake. Anamtazama mwanawe wa kumzaa asimtambue. Watu husema amerogwa, au mbaya zaidi, kwamba yeye ndiye anayeroga.

Je, magonjwa haya yako Afrika, au ni ya wazungu? Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: walipatikana watu 33 wenye Parkinson, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wakiishi nao bila jina. Na ugonjwa usio na jina, huku kwetu, haukosi kutafutiwa jina la aibu.

Historia ya upande wa pili

Wakati madaktari wakijifunza kusoma macho kwa kioo, watu wengine walikuwa wakiyasoma kwa hofu. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza nchini Tanzania, wanawake wazee wengi wameuawa kwa miaka mingi kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi. Umri wote mama anainama jikoni juu ya kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kisha analipwa kwa panga.

Nasi Wakenya tusijitoe. Mwezi Mei 2008 huko Kisii wazee 11, wanawake na wanaume, waliteketezwa wakishutumiwa uchawi. Mwezi Oktoba 2021 wanawake wazee wanne waliuawa vivyo hivyo katika eneo la Marani, Kisii. Jirani zetu wa Kilifi wamezika wazee wengi kwa sababu hiyo hiyo ya mvi na macho, na huko Ganze, pale Kaya Godoma, wazee waliokimbia majumbani mwao wamekuwa wakipewa hifadhi. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, ilifanya kumshutumu mtu kwamba ni mchawi kuwa kosa. Lakini sheria haifiki kijijini usiku.

Sisemi kwamba kila aliyeuawa alikuwa mgonjwa. Wengine hawakuwa na ugonjwa wowote, ila shamba ambalo mtu alilitamani. Ninachosema ni hiki: mzee asiyepepesa, asiyetabasamu, anayetembea usiku bila kujua aendako, anayezungumza na asiyeonekana, ni mtu aliye hatarini mara mbili. Ugonjwa unamla kwa ndani, na maneno yanamla kwa nje. La kwanza hatuna uwezo wa kulizuia. La pili tunao.

Leo hii

Tangu mwaka 1991 kuna mashine inayotumia mwanga kupiga picha ya tabaka za utando wa jicho, nyembamba kuliko karatasi. Mwaka 2011 watafiti wa Los Angeles walieleza kwamba uchafu wa protini unaoonekana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer upo hata kwenye utando wa jicho. Mwaka 2023 watafiti wa London, wa hospitali ya macho ya Moorfields na University College London, walitangaza kwamba katika picha za macho waliona mabadiliko yanayohusiana na Parkinson kwa wastani wa miaka saba kabla ya mgonjwa kutambuliwa. Ni habari njema. Lakini huo bado ni utafiti, si kipimo cha kumwambia mtu mmoja mmoja kwamba utaugua au hutaugua. Akija mtu na mashine sokoni akikwambia atasoma ubongo wako kwa shilingi kadhaa, shika mfuko wako.

Sisi wa Garsen, Minjila, Ngao na vijiji vya kando ya mto tunaweza kuanza na alivyoanza navyo Parkinson: macho na subira. Ukiwa na mzee nyumbani, fanya hivi.

Kwanza, kaa mbele yake mkizungumza, uhesabu anapepesa mara ngapi kwa dakika. Ukipata mara tano au pungufu, siku baada ya siku, liandike.

Pili, mwombe afuate kidole chako kwa macho bila kugeuza kichwa: juu, chini, kushoto, kulia. Angalia kama kuna upande macho yanakataa kwenda.

Tatu, mmiminie maji, mwambie achukue kikombe. Je, anakifikia au anapapasa hewa?

Nne, muulize kwa upole kama anaona watu ambao wengine hawawaoni. Usimcheke wala usimkemee. Kwake yeye wapo.

Tano, jiulize: haya yalianza lini? Yanaongezeka?

Ukiona lolote kati ya hayo, mlete kituo cha afya pamoja na dawa zote anazotumia, kwa sababu zipo dawa, kama baadhi ya zile za ugonjwa wa akili na za kuzuia kutapika, zinazoweza kuleta kutetemeka na kukakamaa. Usizisimamishe mwenyewe. Na ukumbuke kwamba macho mengi yanayosumbua yana sababu za kawaida: mtoto wa jicho, presha ya macho, sukari, moshi. Hizo ndizo tutakazoangalia kwanza. Usitie jichoni maziwa ya mama, mkojo, wala utomvu wa majani.

Lakini zipo dalili zisizongoja kesho. Kuona kukipotea ghafla, kuona vitu viwili viwili ghafla, kope moja kuanguka, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, au uso kupinda na mkono kulegea: tafuta gari au pikipiki ya kumbeba salama, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, iwe Ngao, Hola au Malindi, popote palipo karibu nawe.

Mzee wetu

Nilimwandikia mzee barua ya rufaa, na daktari aliyemwona alithibitisha kwamba ni Parkinson. Alianzishiwa levodopa, dawa inayoongeza ile dopamini iliyopungua, na matone ya kulainisha macho. Haiponyi, na watu wa nyumbani niliwaambia hivyo wazi. Lakini baada ya miezi miwili aliweza kufunga vifungo vya shati, na wekundu wa macho ukapungua.

Kilichobaki ni maneno ya watu. Kwa ruhusa yake na ya wanawe, tulikwenda barazani, mbele ya wazee wa kijiji, nami nikaeleza kazi ya kope kama nilivyokueleza wewe. Niliwaambia pia kwamba mimi mwenyewe, mwenye kusomea kazi hii, nilikosea mara mbili, kwa hiyo mwenye kukosea mara moja asione haya kurudi nyuma. Kukawa kimya. Kisha mzee mwenyewe akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Kumbe ni kope zangu zilizolala. Mimi niko macho." Wakacheka, naye uso wake haukusogea, lakini safari hii kila mtu alijua kwamba anacheka nao.

Naomba wazee wa Gasa kwa ndugu zetu Wapokomo, wazee wa Matadeda kwa ndugu zetu Waorma, maimamu, wachungaji na machifu, mnapoletewa shauri la mzee mwenye macho ya ajabu, kabla ya kuuliza amefanya nini, ulizeni amepimwa na nani.

Na wewe msomaji, leo jioni ukiketi na babu au bibi yako, usimtazame kwa kupita. Kaa naye dakika moja nzima. Hesabu.

Tukutane katika mazungumzo yajayo. Kwaheri, na uwe na afya njema.